Simu inasema figo za mtoto wangu zimefeli, daktari wa wodi anasema yuko sawa. Nimuamini nani?

Swali: Habari daktari. Nilijifungua wiki ya 30 kwa sababu ya presha ya mimba, mtoto akatoka na kilo 1.2, urefu sentimita 38. Leo ana siku 10 na bado tuko NBU, wodi ya watoto wachanga. Kreatinini yake siku ya kwanza ilikuwa 84, siku ya tatu 106, siku ya tisa 80. Ndugu yangu akaingiza ile 106 kwa kalkuleta ya simu ikatoa GFR 13 (hicho ni kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) na maandishi mekundu ati figo zimefeli steji ya 5. Wifi yangu naye amejifungua wiki hiyo hiyo, wake alitimiza miezi tisa, alianza na 68 na saa hii ni 35. Daktari wa wodi ananiambia tu "anaendelea vizuri mama". Na bado wanamdunga genta, ile antibayotiki ambayo nimesoma inaharibu figo. Sijalala. Mama, Kayole.

Jibu:

Pole mama, na hongera pia, maana watu wakisikia NBU wanasahau kabisa kupeana hongera. Nikujibu haraka ndio upate hata lepe la usingizi, halafu maelezo yatafuata: namba zako 84, 106, 80 ndizo namba ambazo mtu angetegemea kwa mtoto wa wiki 30. Simu ya ndugu yako haikukosea kuzidisha na kugawanya, shida ni kwamba ile kalkuleta ilitengenezewa watoto wakubwa, na yale maandishi mekundu yameandikwa kwa ajili ya watu ambao figo zao zilishamaliza kukua. Huyu wako zinakua saa hii ukiwa umekaa hapo kwa benchi.

Sasa tuanze na ile 84 ya siku ya kwanza. Hiyo si ya mtoto. Ni yako.

Kreatinini ni takataka inayotoka kwa misuli, kila mtu anaitengeneza kila siku, na figo ndizo zinaitoa. Tumboni takataka za damu ya mtoto huvuka kwenda kwa mama kupitia kondo la nyuma, ingawa damu zao hazichanganyiki, na kreatinini ni kamolekuli kadogo kanapita kondo bila kuomba ruhusa, kwa hiyo mtoto akizaliwa damu yake inabeba kiwango kile kile cha mama. Wewe ulikuwa na presha ya mimba, na presha ya mimba mara nyingi hupandisha kreatinini ya mama mwenyewe, hebu waulize yako ilikuwa ngapi siku unajifungua, sitashangaa wakikuambia ilikuwa themanini na kitu. Wifi yako hakuwa na shida hiyo ndio maana wake alianzia 68. Kuna mfano mmoja huwa nawapa wanafunzi na huwa wananyamaza kidogo: mtoto aliyezaliwa bila figo hata moja, masaa ya kwanza kreatinini yake itasoma kawaida kabisa, kwa sababu mama alikuwa anamsafishia. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kreatinini ya siku ya kwanza akakuambia figo za mtoto ni nzuri au ni mbaya, anakusomea figo zako wewe.

Halafu siku ya tatu ikapanda 106 na hapo ndio ulianza kukosa usingizi. Hii ndio sehemu inayotofautisha watoto waliotimiza miezi na hawa wetu wa kabla ya wakati, njiti kama wanavyowaita majirani zetu Tanzania. Mtoto aliyetimiza miezi kreatinini yake huanza kushuka baada ya siku moja mbili, na ikifika wiki mbili iko chini, 20 hadi 35 hivi. Mtoto wa kabla ya wakati hupanda kwanza, anafika kilele kama siku ya pili au ya tatu, akatulia hapo, ndio aanze kuteremka pole pole kwa wiki kadhaa, na kadiri alivyozaliwa mapema ndivyo kilele kinakuwa juu na mteremko unakuwa mrefu. Sababu ziko mbili. Ya kwanza uchujaji wenyewe uko chini. Ya pili ndio tamu: figo huchuja damu, halafu yale maji yaliyochujwa yanapita kwa vimirija kabla yawe mkojo. Kwa mtu mzima kreatinini ikishaingia kwa kimirija imeondoka, haigeuki nyuma. Kwa mtoto wa wiki 30 vile vimirija ni laini na vinavuja, kama mabomba mapya ambayo viungo havijashika vizuri, kwa hiyo sehemu ya kreatinini iliyokwisha kuchujwa inapenya tena na kurudi kwa damu. Figo imefanya kazi lakini damu haionyeshi. Kwa hiyo ile 106, sehemu ni yako uliyomwachia, sehemu ni uchujaji wa kitoto, na sehemu ni hiyo iliyovuja ikarudi.

Tuje kwa kalkuleta. Ninajua ni gani kwa sababu nimefanya hesabu nikapata 13 kama nyinyi. Ni fomula ya Schwartz (ya hesabu, si ile fomula ya maziwa). Daktari George Schwartz na wenzake walitoa ya kwanza mwaka wa 1976: chukua urefu wa mtoto kwa sentimita, zidisha na namba fulani, gawanya kwa kreatinini. Urefu unaingia kwa sababu unakisia misuli, mtoto mrefu ana misuli zaidi hivyo anatengeneza kreatinini zaidi. Ile "namba fulani" ndio roho ya hesabu yote na hubadilika kwa umri. Watoto wa kawaida walipewa 0.55, halafu miaka ya 1980 wakaona watoto wachanga wana misuli kidogo sana, ikabidi watoto waliotimiza miezi wapewe 0.45 na wale wadogo wa kabla ya wakati 0.33. Mwaka wa 2009 Schwartz akatoa toleo jipya la 0.413, linaloendana na mashine za kisasa za maabara, lakini aliipima kwa watoto wenye ugonjwa wa figo wa kuanzia mwaka 1 hadi 16. Hakukuwa na mchanga hata mmoja humo. Na hiyo ndio iko karibu kila simu.

Kwa hiyo simu ilichukua 38, ikazidisha na 0.413, ikagawanya kwa 1.2 (hiyo ni 106 yako ikigeuzwa kwa vipimo vya Marekani, unagawanya na 88.4), ikapata 13. Ukiweka ile 0.33 ya watoto kama wako unapata kama 10. Naona unashtuka zaidi, ngoja kwanza. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya wiki 30 au hapo hapo, GFR ya 10 hadi 15 wiki ya kwanza ndio ya kawaida yake. Hata aliyetimiza miezi anazaliwa na kama 20 tu, anafika kama 40 akiwa wiki mbili, na anakuja kufikia figo za mtu mzima, 100 na zaidi, akikaribia miaka miwili. Wale wa steji ya 5 chini ya 15 ni watu wazima na watoto wakubwa ambao walipaswa kuwa na mia. Kumpima mchanga na jedwali la steji hizo ni kama kumwambia mtoto wa siku 10 amefeli kutembea.

Na kuna kitu kingine kinafichwa kwa hiyo 10. Ukiangalia vizuri iliandikwa "kwa mita 1.73 za mraba". Hiyo 1.73 ni ukubwa wa ngozi ya mtu mzima wa wastani, huwa tunageuza kila mtu aonekane kama ana mwili huo ndio tuweze kulinganisha. Mwili wa mtoto wako ngozi yake yote ni kama 0.11. Ukimrudishia mwili wake mwenyewe anachuja karibu mililita 0.7 kwa dakika. Inaonekana kama mzaha lakini zidisha na dakika 60, zidisha na masaa 24, unapata karibu lita moja kwa siku. Mtoto wa kilo 1.2, ambaye damu yake yote haijazi hata kikombe cha chai (mililita 100 hivi), anachuja pakiti mbili za maziwa nusu lita kila siku, halafu anarudisha karibu yote ndani na kutoa kidogo kama mkojo. Hizo ndizo figo ambazo simu imeziandika zimekufa.

Sasa ya wifi. Najua nyumbani kuna mtu analinganisha hao watoto wawili kila simu ikipigwa, na nakuomba umwambie aache, kwa upole kama ni mama mkwe. Vile vichujio vidogo ndani ya figo vinaitwa nefroni. Kila figo ina kama milioni moja, ingawa watu wanatofautiana sana, na zaidi ya nusu hutengenezwa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kazi ya kuzitengeneza hufungwa kama wiki ya 34 hadi 36, baada ya hapo hakuna mpya, zilizopo zinanenepa tu. Mtoto wa wifi alizaliwa kiwanda kimeshafunga hesabu. Wako alitoka fundi bado yuko juu ya ngazi. Lakini kazi haikusimama, nefroni zinaendelea kuundwa hata nje ya tumbo, na watafiti walioangalia figo za watoto wa kabla ya wakati waliona utengenezaji unaenda hadi kama siku 40 baada ya kuzaliwa halafu unaisha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikakumbuka nyanya zetu na arobaini zao, mama na mtoto wasitoke nje, wasisumbuliwe. Hawakuwa wanajua nefroni ni nini lakini siku walizipatia.

Kwa hesabu ya wifi: urefu tuseme 50, mara 0.45, kreatinini 35, inatoka kama 57. Wako siku ya tisa na ile 80 inatoka kama 14. Wote wawili wako kwa barabara yao. Cha kuangalia ni kama kila mmoja anasonga mbele, na wako ametoka 10 akaenda 14 ndani ya siku sita. Hapo nafikiri ndipo daktari wa wodi alikuwa anaangalia alipokuambia anaendelea vizuri, angeweza tu kukaa dakika tano akueleze, hilo nakubaliana na wewe.

Sisi wenyewe hata hiyo GFR hatuitumii sana kwa wachanga, nikuambie ukweli. Kuipima kwa usahihi inabidi umdunge mtoto kitu kama inulini halafu utoe damu tena na tena, na mtoto wako ana mililita 100 tu za damu, kila mililita moja tukitoa ni asilimia moja yake. Ndio maana pia usiwasukume wapime kreatinini kila siku ili uone ikishuka, kila siku ya kukutuliza wewe ni damu imetoka kwake na mwisho tunamwongezea damu ya mtu mwingine. Tunachofanya ni kufuata mwendo wa kreatinini. Kengele inalia ikipanda kwa 27 au zaidi ndani ya siku mbili, au ikifika mara moja na nusu ya ile ya chini kabisa aliyowahi kuwa nayo wiki hiyo. Wako alipanda 22, na hapo ni zile siku ambazo kupanda kunategemewa. Angepanda siku ya tisa ningekuandikia barua tofauti kabisa. Sheria ni hiyo: mtoto ambaye kreatinini ilishaanza kushuka halafu ikageuka ikapanda, hata kama namba yenyewe ni ndogo, tafuta daktari amwangalie leo.

Na hii kitu ya figo kuumia kwa wachanga si nadra, nisikufiche. Utafiti mkubwa uliotoka 2017 ukaitwa AWAKEN, uliokusanya watoto 2,022 wa wodi za wachanga mahututi kwa hospitali 24 za nchi nne, ulikuta karibu 30 kwa kila 100 waliumia figo kwa kiwango fulani. Lakini angalia walivyogawanyika: wale wa chini ya wiki 29 karibu nusu, wale wa wiki 29 hadi 36 ambapo wako anaingia 18 kwa 100, na waliotimiza miezi wakapanda tena hadi 37. Watu hushangaa kwa hao wa mwisho. Lakini fikiria, mtoto aliyetimiza miezi analazwa NBU kwa sababu gani? Mara nyingi amechoka wakati wa kuzaliwa, amekosa hewa, na mwili ukikosa hewa hupeleka damu kwa ubongo na moyo ukazinyima figo. Kwa hiyo kutimiza miezi si kinga. Mtoto wa wifi angekosa hewa dakika kumi pale leba, mngekuwa mnaongea mengine.

Mkojo sasa, maana hapa una kazi ya kufanya na mikono yako badala ya kushika simu. Karibu watoto wote hukojoa ndani ya masaa 24, na wote ndani ya 48. Baada ya siku ya kwanza tunataka angalau mililita 1 kwa kila kilo kwa kila saa. NBU nyingi hapa Nairobi wanapima daipa, na kama hawapimi uliza sista kama unaweza kuwasaidia: daipa kavu kwa mizani gramu 18, baada ya masaa matatu gramu 32, tofauti ni 14, na gramu moja ya mkojo ni kama mililita moja. Kumi na nne gawanya masaa 3, gawanya kilo 1.2, unapata kama 3.9. Hiyo ni figo inafanya kazi. Kama kuna choo ndani ya daipa hesabu imeharibika, andika tu "choo" na usonge mbele, usianze kukisia. Na mtoto akiwa wazi chini ya zile taa za kutibu ugonjwa wa manjano, sehemu ya mkojo inakauka kabla ufike kwa mizani, kwa hiyo pima mapema.

Lakini usije ukakaa tu na mkojo ukasema sasa sijali maabara. Figo za mchanga zinaweza kuumia na mkojo ukaendelea kutoka kama kawaida, hasa zikiumizwa na dawa. Mkojo na kreatinini vinasomwa pamoja, pamoja na uzito wa kila siku, chumvi na potasiamu ya damu. Uzito kushuka siku za kwanza usikutishe, mtoto aliyetimiza miezi hupoteza hadi 10 kwa 100, wa kabla ya wakati hata 15, ni maji yanatoka. Anayeongezeka uzito siku ya pili na ya tatu ndiye hunifanya niweke kikombe cha chai chini, huyo anashika maji.

Hapa nikupe aibu yangu moja. Nikiwa bado mdogo kazini kwa hospitali moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na mtoto wa wiki 31, kreatinini 110 jioni, asubuhi ikaja 72. Tukapeana tano. Nikaenda mimi mwenyewe kumwambia mama figo zimeamka. Mchana ikarudi 108. Kumbe usiku mashine ya hospitali ilikuwa imekufa na sampuli ikapelekwa maabara ya nje inayotumia njia tofauti, na mtoto alikuwa wa manjano sana, na ile njia ya zamani inayoitwa Jaffe hudanganywa na manjano, inasoma kreatinini chini kuliko ilivyo. Dawa fulani za antibayotiki nazo zinaidanganya kwa upande wa pili, inasoma juu. Yule mama aliniangalia tu. Tangu siku hiyo sisomi kreatinini mbili kama mwendo mpaka nijue zimetoka mashine moja, na wewe uliza hivyo hivyo: zile tatu za mtoto wako zimepimwa maabara moja? Kama ndiyo, basi 106 kwenda 80 ni kushuka kweli.

Kuna kipimo kingine, sistatini C, ambacho hakipiti kondo kwa kiasi cha maana wala hakitegemei misuli, kwa hiyo hakichanganyi za mama na za mtoto. Ni kizuri, ni ghali, na wachanga wenyewe huzaliwa nacho kikiwa juu halafu kinashuka mwaka wa kwanza, tena dawa za steroidi zinakisumbua. Mtoto wako hakihitaji saa hii. Usiuze kitu ulipie.

Genta. Ulichosoma ni kweli, genta hujilimbikiza kwa vile vimirija na inaweza kuviumiza, na masikio pia. Lakini kumwachisha kwa sababu ya hiyo 13 ya simu ingekuwa kosa kubwa kuliko yote, maana maambukizi kwa damu ya mtoto wa kilo 1.2 huua figo na mtoto mwenyewe haraka kuliko genta yoyote. Penisilini na genta ndizo tunaanza nazo hapa Kenya mtoto akishukiwa ana maambukizi, na dozi hupangwa kwa uzito na umri wa siku, hasa kwa sababu tunajua figo zake zinachuja polepole na dawa itachelewa kutoka. Maswali ya maana ya kumuuliza daktari kesho kwa raundi ni haya: amepigwa genta siku ngapi mpaka sasa, matokeo ya kuotesha vijidudu kwa damu yamerudi, na kama hayaonyeshi kitu, tunamaliza lini? Kozi ikizidi wiki moja ndio nataka kreatinini irudiwe na ikiwezekana kiwango cha genta kwenye damu kipimwe. Wengi huacha mapema kabla ya hapo mtoto akiwa imara. Uliza bila ugomvi, madaktari wa NBU wanaheshimu sana mama anayeuliza swali lenye tarehe.

Na kama wakisema wanataka kumpa ibuprofeni, usishangae, kuna mshipa karibu na moyo wa watoto wa kabla ya wakati ambao hukataa kufunga na hiyo ni dawa yake mojawapo, lakini inabana damu ya figo kwa hiyo wataangalia mkojo na kreatinini kwanza. Hiyo ni mikononi mwao. Mikononi mwako nyumbani ibuprofeni hairuhusiwi kabisa, wala dawa ya mitishamba ya tumbo, najua kuna shangazi tayari amekuwekea kachupa.

Maziwa yako ndiyo dawa kubwa ya hizo figo na sisemi hivyo kukufurahisha. Figo ya mchanga haiwezi kukaza mkojo kama ya mtu mzima, inafika nusu hivi, kwa hiyo ukimpa kitu chenye chumvi na protini nyingi kama maziwa ya ng'ombe inabidi atumie maji mengi mno kutoa ule uchafu, na hana hayo maji. Ya mama yana mzigo mdogo. Watoto wa kabla ya wakati hupoteza chumvi kwa mkojo, hivyo ukiona wanamwongezea sodiamu au kirutubisho kwa maziwa uliyokamua, ni sawa, wamepima wakaona. Usiongeze wewe.

Kama mtoto ni wa kiume (hukusema) nataka ujue jambo moja la pembeni: ukiona mkojo unadondoka tone tone badala ya kuruka, sema, kuna vijiwambo huziba njia ya mkojo kwa wavulana na hicho ni kitu cha upasuaji, kreatinini pekee haitakuambia. Picha ya ultrasaundi ndiyo inaonyesha, ingawa ikipigwa siku mbili za kwanza kabla mkojo haujaanza kutoka vizuri inaweza kuficha uvimbe wa figo, huwa tunarudia.

Mkitoka, na kwa namba hizi mtatoka, usikubali waandike tu "figo sawa" kwa karatasi ya kuruhusiwa. Mtoto aliyezaliwa na nefroni pungufu hukua vizuri, anacheza, anaenda shule, lakini zile chache hufanya kazi ya wengi, na mwaka wa 1988 Barry Brenner na wenzake walipendekeza kwamba hapo ndipo presha ya baadaye huanzia. Kwa hiyo mtoto wako apimwe presha kila kliniki tangu sasa, asisubiri afike miaka mitatu kama watoto wengine, na kwa kafu (kile kitambaa kinachofungwa mkononi) ndogo ya saizi yake, kafu kubwa itakupa presha ya uongo. Kreatinini irudiwe kabla mtoke na tena kama wiki nne sita baadaye, ikiwa imeshuka hadi 30 na kitu hivi kama ya binamu yake, mwite ndugu yako afute ile kalkuleta. Zile namba zote, 84, 106, 80 na hiyo ya mwisho, na tarehe, na jina la maabara, ziandike kwa kalamu ya wino ndani ya jalada la nyuma la kitabu cha kliniki, juu kabisa, na chini yake: wiki 30, kilo 1.2, genta siku ngapi.